Kompyuta Kuukuu Si Vyuma Chakavu

Wapo watu wanaocheka wakisikia kwamba mtu mwenye akili zake timamu amekesha usiku kucha akiisafisha kompyuta iliyotengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Husema: "Ya nini taabu hiyo? Simu aliyo nayo mfukoni yaishinda mashine hiyo mara maelfu." Hayo ni kweli, wala hatuyabishi. Lakini wazee wetu walikwisha kusema kwamba ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Kilichotupwa na mmoja chaweza kuwa shibe ya mwingine, na tena chaweza kuwa shule ya wengi. Leo twataka kuizungumza kazi hii ya kukusanya na kufufua kompyuta za kale, maana sisi hatuioni kuwa mchezo mtupu kama wengi wanavyoidhania. Ndani yake mna mafunzo kwa kila mfanyakazi na kwa kila anayejali mali ya wote.

Rai yetu twaitamka mapema, ili msomaji asipate taabu ya kuitafuta. Kuhifadhi mashine za kale ni kazi ya heshima, lakini haifai kuachiwa watu wenye fedha peke yao. Mashine ikilindwa na jamaa ya watu wengi, pamoja na vitabu vyake na ujuzi wa wale walioitumikia, huishi. Ikilindwa na mtu mmoja, hata awe na mapenzi makubwa namna gani, uhai wake umefungwa katika uhai wa mtu huyo. Hatusemi hivyo kwa kubuni. Mifano tunayo, na tutaieleza mmoja mmoja.

Kwanza yafaa tueleze kazi yenyewe ni ya namna gani. Katika Uingereza, Marekani, Ujerumani na nchi nyingine nyingi wako watu, wengi wao wafanyakazi wa kawaida na wastaafu, ambao saa zao za mapumziko huzitumia kutafuta kompyuta za miaka ya 1970 na 1980: Apple II ya mwaka 1977, BBC Micro ya mwaka 1981, Commodore 64 na ZX Spectrum za mwaka 1982, na nyingine zilizo kubwa kuliko hizo. Huzipata katika maghala, katika vyumba vya chini vya shule, na pengine ukingoni mwa jalala. Mtu asiyejua, akiisha kuipata mashine ya namna hiyo, huipeleka mbio kwenye umeme aone kama itawaka. Fundi hafanyi hivyo hata kidogo.

Fundi huifungua kwanza na kuitazama. Hutafuta betri ndogo iliyopachikwa juu ya ubao wa saketi, kwa maana betri za namna hiyo, zikikaa miaka mingi, huvuja maji makali yanayokula nyuzi nyembamba za shaba kama mchwa alavyo mwamba wa nyumba. Kisha hukagua kapasita, vile vyombo vidogo vinavyotunza umeme kwa kitambo na kuutoa kwa utaratibu. Baadhi yake hukauka ndani kwa uzee, na nyingine hupasuka na kutoa moshi mara umeme unapofika. Baadaye huitenga sehemu inayoleta umeme, huipima peke yake, na hairuhusu kugusana na mashine mpaka awe na hakika kwamba palipotakiwa volti 5 panatoka volti 5, wala si 12. Kama mashine ina kioo cha picha cha namna ya televisheni za zamani, hujihadhari zaidi, kwa kuwa kioo hicho chaweza kushika volti maelfu hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mtu asiyefundishwa asithubutu kukigusa.

Baada ya hayo ndipo inapoanza kazi ya kutafuta ubovu wenyewe, saketi moja baada ya nyingine, kipimo mkononi na mchoro mezani. Pengine kazi hiyo huchukua usiku mmoja, pengine miaka mitatu. Na hata mashine ikiisha kupona, bado kuna la pili: maagizo yake, ndiyo programu, yaliyoandikwa katika disketi na kanda za sumaku zinazofifia mwaka hata mwaka. Yasiponakiliwa mapema, mashine itabaki mwili usio na roho.

Msomaji aliyewahi kukaa kibandani kwa fundi redio atatambua mara moja kwamba kazi hii si ngeni. Ni ustadi ule ule wa kusikiliza chombo kinasema nini, wa kutokata tamaa, na wa kutotupa kitu kwa sababu ya ubovu wa sehemu moja. Watu wengi katika nchi zilizoendelea wamekwisha kuupoteza ustadi huo, kwa sababu wamezoezwa kununua kipya kila kizee kinapokohoa. Wanaofufua kompyuta za kale wanaujifunza upya, na baadhi yao wakiwa wamechelewa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa na binadamu, binadamu aweza kukifungua akakifahamu.

Sasa tuje kwenye mifano. Katika kituo cha utafiti wa nguvu za atomu cha Harwell, katika Uingereza, mabwana watatu, Cooke-Yarborough, Barnes na Thomas, walibuni mashine ya kuhesabu iliyoanza kazi mwaka 1951. Uzito wake ni tani 2 na nusu. Kumbukumbu yake imo katika taa ndogo za kioo ziitwazo dekatroni, 828 kwa hesabu, na kila taa hushika tarakimu moja kwa nukta ya mwanga inayozunguka. Swichi zake za rilei, 480 hivi, ni za namna iliyotumika katika vituo vya kuunganishia simu. Si mashine ya mbio. Kuzidisha namba mbili huichukua kati ya sekunde 5 na 10.

Kabla ya mashine hiyo, hesabu za Harwell zilifanywa na vijana wa kike na wa kiume kwa mashine ndogo za mezani za kuzungusha kwa mkono. Siku moja mkokotoaji stadi aitwaye Fossey aliketi kando ya mashine mpya akashindana nayo. Kwa muda wa nusu saa alikwenda nayo sawasawa, kisha alichoka, akaacha; mashine ikaendelea polepole, bila haraka na bila kupumzika. Na wakati mmoja iliachwa ikifanya kazi peke yake siku zipatazo 10, wafanyakazi wakiwa katika mapumziko ya Krismasi na mwaka mpya. Twaomba wafanyakazi wasiisome habari hii kama kichekesho. Swali la mtu na mashine, yupi atamtumikia mwenziwe, linaloulizwa leo kwa hofu kubwa katika viwanda na ofisi, liliulizwa katika chumba kile zaidi ya miaka 70 iliyopita. Atakaye kulijibu vema na aende akaitazame mashine yenyewe, aone kwamba si jini wala si muujiza: ni taa, waya na rilei zilizopangwa na watu.

Mwaka 1957 wataalamu wa Harwell walipopata mashine zilizo bora kuliko hiyo, hawakuivunja. Walitangaza kwamba chuo kitakachoonyesha kuwa kitaitumia vizuri zaidi ndicho kitakachopewa. Aliyeshinda ni chuo cha ufundi cha Wolverhampton, na huko ilifundisha vijana mpaka mwaka 1973, nayo ikapewa jina la WITCH, ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mchawi wa kike. Hebu tufikiri: mashine iliyokwisha kuwa kuukuu kwa wataalamu ilifundisha kwa miaka 16 watoto wa watu wa kawaida. Tangu hapo iliwekwa katika jumba la makumbusho la Birmingham, na jumba hilo lilipofungwa mwaka 1997 ilivunjwa vipande vipande ikatiwa ghalani, na walio wengi wakaisahau.

Mwaka 2008 mtu mmoja, Bwana Kevin Murrell, alikuwa akitazama picha za vitu vilivyomo katika ghala hilo, akaitambua sura ya ubao wake wa kuongozea. Mwaka 2009 vipande vilipelekwa katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Kompyuta, huko Bletchley Park, na watu wa kujitolea wakaanza kuvisafisha na kuviunganisha. Hao walikuwa wanachama wa chama cha kuhifadhi kompyuta kilichoundwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa chama cha wataalamu wa kompyuta wa Uingereza na Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London. Tarehe 20 Novemba, 2012, mashine iliwashwa mbele ya watu, miaka 61 tangu ilipoanza kazi, nayo ikahesabu. Wengine waliokuwapo walikuwa wazee waliowahi kuitengeneza au kuitumia ujanani. Nayo yahesabiwa kuwa kompyuta kongwe kuliko zote za tarakimu duniani ambayo bado ni ile ile ya asili na bado yafanya kazi.

Ni nini kilichoiokoa? Si fedha. Iliokolewa kwanza na uamuzi wa kuipeleka kwa wanafunzi. Pili na ghala la umma, ambalo ijapokuwa liliisahau halikuiuza. Tatu na jicho la mtu mmoja aliyejua anachokitazama. Na nne na mikono ya wengi waliofanya kazi bila mshahara. Kimoja katika hivyo vinne kingekosekana, leo tusingekuwa na la kusimulia.

Mfano wa pili ni wa huzuni, kisha wa faraja. Katika vita ya pili ya dunia, mhandisi wa idara ya posta ya Uingereza, Bwana Tommy Flowers, mtoto wa mwashi wa mashariki ya London, alibuni mashine iitwayo Colossus ili kusaidia kufumbua barua za siri za majenerali wa Ujerumani. Wako wakubwa walioona kwamba mashine yenye valvu nyingi kiasi hicho, yaani taa za kioo za namna ya redio za zamani, itaharibika kila saa. Yeye alijua kutokana na kazi yake ya simu kwamba valvu zisipozimwazimwa hudumu sana. Mashine ya kwanza, yenye valvu zipatazo 1,600, ilianza kazi mapema mwaka 1944. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa tayari tarehe 1 Juni, 1944, siku 5 kabla ya majeshi kushuka Normandy. Vita ilipokwisha zilikuwapo mashine 10 zinazofanya kazi, zikiendeshwa usiku na mchana na wasichana wa jeshi la wanamaji.

Kisha ikatoka amri. Mashine 8 zilivunjwa, na 2 zilizobaki zikavunjwa baadaye, mnamo mwaka 1960. Bwana Flowers mwenyewe aliamriwa kuziharibu hati zake, naye akazitia motoni. Hakuruhusiwa kusema neno. Kwa miaka 30 hivi vitabu viliandikwa kuhusu asili ya kompyuta, na jina lake halikuwamo. Watoto walifundishwa historia ambayo mwenye kuitenda alikaa kimya nyumbani kwake akiisikia ikisimuliwa vibaya.

Twaelewa kwamba taifa lina siri zake wakati wa vita. Lakini siri yaweza kufungiwa katika sanduku. Si lazima ichomwe moto. Tazameni gharama iliyokuja baadaye. Mwaka 1993 mhandisi Bwana Tony Sale alipoamua kuijenga upya Colossus, alikuwa na picha chache tu zilizopigwa wakati ule, na vipande vya michoro ambavyo wahandisi wachache walikuwa wameviweka kinyume cha amri. Iliwabidi yeye na wenzake, wengi wao wakiwa wastaafu wa idara ya simu, wakae na wazee waliokuwa hai bado na kuwauliza: waya huu ulipita wapi, chombo hiki kilifungwaje? Vifaa vingi vilitoka katika vituo vya zamani vya simu vilivyokuwa vikibomolewa wakati huo. Mwaka 1996 mashine iliwashwa, na Bwana Flowers, mzee wa miaka 90, alikuwapo akaiona. Alifariki mwaka 1998. Kazi yote ilikamilika mwaka 2007, baada ya miaka 14. Bwana Sale naye alifariki mwaka 2011.

Hesabu ya tarehe hizo yatufundisha jambo moja kubwa. Kama kazi ingeanza miaka 10 baadaye, wazee wangekuwa wamekwenda zao na vituo vya simu vingekuwa vimekwisha kubomolewa. Ujuzi wa mikono haumo vitabuni wote. Sehemu kubwa imo katika vidole na katika vichwa vya watu, na watu hawakai milele. Huko Mountain View, katika jimbo la California, wastaafu wa kampuni ya IBM wamezifufua mashine mbili za namna ya 1401, iliyotangazwa mwaka 1959 na kuuzwa kwa maelfu, pamoja na mashine za kusoma kadi zilizotobolewa na chapa yake iwezayo kupiga mistari 600 kwa dakika moja. Wengine katika hao waliizoea mashine hiyo wangali vijana. Walifanya hivyo wakati mzuri, wakiwa na nguvu bado na wakiwa na mtu wa kumrithisha.

Mfano wa tatu ndio unaotutia wasiwasi. Katika mji wa Seattle, Marekani, tajiri Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wawili wa kampuni ya Microsoft, alikusanya kompyuta nyingi za kale akazifufua kwa gharama yake, na mwaka 2012 akawafungulia watu jumba la makumbusho. Sifa ya jumba hilo ilikuwa kwamba mgeni hakukatazwa kugusa. Aliketi kwenye mashine ya kale akaitumia. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi twalisifu. Lakini Bwana Allen alifariki mwezi Oktoba, 2018. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, jumba likafungwa. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba halitafunguliwa tena, na vitu vingi vikapelekwa mnadani. Kompyuta moja ya Apple-1 iliuzwa humo kwa dola 945,000.

Na tuitazame Apple-1 hiyo. Zilitengenezwa 200 hivi mwaka 1976, na bei yake dukani ilikuwa dola 666 na senti 66. Ubao wake ni ule ule na hesabu zake ni zile zile. Kilichopanda ni tamaa ya watu. Hapo ndipo mkusanyaji anapogeuka kuwa mchuuzi. Mashine iliyonunuliwa kwa bei ya namna hiyo haitafunguliwa tena, wala kijana hataruhusiwa kuigusa. Itawekwa ndani ya kioo au sandukuni ikingoje bei ipande zaidi. Kitu kilichoundwa ili kitumike kimekuwa kama dhahabu iliyofukiwa. Hatumlaumu mtu kwa kuuza kilicho chake kwa haki. Twasema tu kwamba jumba la Seattle, lenye fedha tele, halikufikisha miaka 10 ya kufungua milango, na WITCH, iliyokosa fedha tangu mwanzo, ingali inahesabu. Asiyejifunza katika hayo mawili atajifunza katika nini?

Tunajua tutajibiwa. Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu walioshiba. Kwamba mfanyakazi mwenye karo ya watoto na kodi ya nyumba hana nafasi ya kuchezea mashine za kale. Jibu letu ni kwamba hatumwombi mtu yeyote atumie fedha ambazo hana. Waliofufua WITCH hawakununua mashine. Walitoa saa zao. Na kijana anayejifunza kulehemu, kusoma mchoro na kupima umeme juu ya mashine iliyotupwa, ambayo akiikosea hakuna hasara kubwa, anapata ujuzi utakaomlisha. Tena kompyuta ya kale ni mwalimu aliye bora kuliko mpya, kwa sababu ndani yake sehemu zaonekana. Katika kompyuta ya leo kila kitu kimefichwa ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha, chenye transista mamilioni elfu, na fundi haoni ila kifuniko cheusi.

Wengine watasema: je, si ndio hao hao wanaotuletea takataka za umeme kwa jina la msaada? Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuipuuzi. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na zilizoandikwa kuwa zimekusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufikia hata robo. Ndiyo maana nchi za Afrika zilikutana Bamako, Mali, mwaka 1991, zikafanya mapatano ya kukataza taka za sumu kuingizwa barani, mapatano yaliyoanza kutumika mwaka 1998. Lakini kufufua mashine ni kinyume kabisa cha kutupa. Wala hatusemi kwamba kila kompyuta mbovu ihifadhiwe. Nyumba zetu zingejaa tukakosa pa kulala. Katika mashine mia za namna moja, yatosha kuhifadhi chache, zikiwa nzima na pamoja na vitabu vyake. Zilizobaki zivunjwe na wanaojua, shaba yake na vifaa vyake vitumike tena. Zisichomwe moto uani ili kupata nyaya, maana moshi wake ni sumu kwa wanaochoma na kwa jirani zao, na vioo vya picha vya zamani vina risasi ndani yake.

Nasi kwetu je? Tanzania si mgeni katika historia hii. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya namna ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza ingawa asili yake ni RCA 301 ya Marekani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Vijana wetu wa leo, waliozaliwa simu ikiwa kiganjani, wengi wao hawajui hata moja katika hayo mawili. Waweza kukisoma kisa cha Bwana Flowers katika mtandao, lakini kisa cha karani aliyetoboa kadi za mishahara ya watumishi wa umma Dar es Salaam hawakijui. Hatusemi kwamba marufuku ile ilikuwa ya haki au ya makosa; twasema kwamba taifa lililowahi kuikaribisha mashine, likaikataa, kisha likaikaribisha tena, lina somo kubwa la kuwasimulia watoto wake, na somo hilo halifundishiki vizuri kwa maneno matupu.

Kwa hiyo hatuna budi kutoa shauri. La kwanza, kila ofisi, shirika, shule na kiwanda kabla ya kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu mashine zake za zamani kiziandike: ni ya namna gani, ilinunuliwa lini, ilifanya kazi gani. Mali bila daftari huisha bila habari. Na vitabu vyake vya maelezo visitumiwe kufungia karanga, maana mashine isiyo na kitabu ni nusu ya mashine. La pili, wazee waliofanya kazi ya kutoboa kadi, ya kuendesha na ya kutengeneza mashine hizo, wahojiwe sasa wangali hai, na sauti zao zihifadhiwe. Kazi hiyo haihitaji ila simu na saa moja ya kuketi na mzee kwa adabu.

La tatu, mashine itakayopatikana ikiwa nzima isifungiwe kabatini. Ipewe chuo cha ufundi, kama watu wa Harwell walivyofanya mwaka 1957, vijana wafundishwe juu yake, na fundi mzee awe karibu. La nne, na ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, isiandikwe kwa jina la mtu mmoja. Iwe mali ya chama, au ya chuo, au ya jumba la makumbusho, chini ya wadhamini wanaotambulika, ili afapo mmoja awepo wa pili wa kushika ufunguo. Mwenye mkusanyo wake nyumbani, nasi twampa heshima yake kwa jitihada aliyoifanya, na aandike mapema ni nani atakayeurithi na kwa sharti gani. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mkono mmoja haulei mwana.

Tusidanganyike na upya wa vitu. Kila kompyuta inayong'aa leo dukani itakuwa kuukuu kabla mtoto wa darasa la kwanza hajamaliza masomo yake. Watu wasiojua walikotoka mashine zao watanunua kila wanachouziwa, watatupa kila wanachoambiwa kimepitwa na wakati, na watamwogopa kila anayewaambia kwamba mashine itawameza. Walio na fundi anayeweza kuifungua, na kijana anayeweza kuuliza kwa nini iliundwa hivi, hawatauziwa kwa urahisi wala hawataogopeshwa kwa urahisi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Gari la wanunuzi wa vyuma chakavu hupita kila siku mbele ya maghala yetu, na yaliyomo ndani hayajaandikwa bado. Kazi ya kuyaandika na ianze wiki hii.